Vumbi la Serengeti lina kazi yake

Leo stori ni ya barabara. Wale wenzetu wa Musoma na Mugumu wanaopanda basi la Arusha kupitia katikati ya Serengeti, wakishuka stendi utadhani wamemwagiwa unga. Swali lao huwa moja tu: hivi lami itawekwa lini huko ndani?

Mimi nami nimeipita. Kipande ninachokipenda ni cha kutoka Seronera mpaka lango la Naabi. Ni changarawe tupu, tambarare, hakuna mlima wala kona za kutisha. Kero yake ni mikunjo kama ya bati, basi linatetemeka mpaka meno yanagongana. Na mwendo mwisho kilomita 50 kwa saa.

Ila jamani, kule ni kuzuri! Unapita Simba Kopjes, yale mawe makubwa ya granaiti, ukibahatika unamkuta simba kajilaza juu anaota jua. Ukikaribia Naabi miti inakwisha, zinabaki nyasi fupi mpaka macho yachoke. Wana jiografia mnajua sababu: majivu ya volkano kutoka nyanda za juu za Ngorongoro yaligandamana chini ya udongo, mizizi ya miti haipenyi. Lakini nyasi zake zina madini mengi, ndo maana nyumbu huenda kuzalia huko, hasa mwezi wa pili.

Sasa turudi kwenye lami. Mwaka 2010 serikali ilikuwa na mpango wa barabara kuu upande wa kaskazini, ikate hifadhi kati ya Loliondo na Mugumu. Kesi ikafunguliwa Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha, na 2014 majaji wakaamua kwamba kuweka lami kipande cha ndani ya hifadhi ni kinyume cha Mkataba wa Jumuiya.

Wapo wanaosema hapo nyumbu wamependwa kuliko watu. Siwabezi hata kidogo. Mama mjamzito anayetafuta hospitali hali mandhari.

Lakini nendeni Mikumi mkaone. Lami safi, kama kilomita 50 ndani ya hifadhi, malori ya Zambia yanapita usiku na mchana. Pembeni kuna bango la faini: ukigonga twiga kiasi hiki, ukigonga tembo kiasi hiki. Bango kama hilo haliwekwi kama wanyama hawagongwi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: lami ifike mpaka kwenye malango ya hifadhi pande zote mbili, watu wapate hospitali na soko. Ndani ibaki changarawe. Nyumbu zaidi ya milioni moja hawasomi vibao vya barabarani, kinachowalinda ni dereva kulazimika kwenda taratibu. Sisi tukifika tunaoga, vumbi linatoka.

Wana Mugumu mnaobisha, tukutane kafteria. Mkinishinda kwa hoja, chai na chapati juu yangu!