Goti langu halikuwa na wa kulitetea

Jamani, mimi kikapu kilinitupa nikiwa kidato cha nne. Wiki moja kabla ya mashindano ya shule niliruka, nikatua vibaya, goti likaenda upande, kwisha habari. Mwalimu akasema "pole", mtihani ukafika, shule ikaisha. Nani wa kunirudishia msimu wangu?

Ndiyo maana habari ya Robbie Hummel wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ilinigusa. Februari 2010 kano ya goti lake la kulia ilikatika. Msimu ulikuwa ukingoni, kashacheza mechi kibao, basi ukahesabiwa. Oktoba mwaka huohuo, goti lilelile tena! Ila safari hii msimu ulikuwa haujaanza, haukuhesabiwa. Akarudi uwanjani 2011.

Kanuni za NCAA za enzi zake zilimpa mchezaji misimu minne ndani ya miaka mitano. Aliyeumia msimu ukishaanza, chuo kiliweza kumwombea arudishiwe, kwa masharti: awe ameumia nusu ya kwanza ya msimu, asiwe amecheza zaidi ya asilimia 30 ya mechi, na karatasi za daktari zionyeshe kuwa msimu ule hawezi kucheza tena.

Washikaji kijiweni wanasema huko ni kudekezana. Wapi! Ukiumia mwezi wa mwisho, imekula kwako. Lakini angalau kuna mlango wa kubisha hodi. Hummel alichaguliwa NBA mwaka 2012. Mimi nilibaki na bandeji.