Mzima wa Mdomoni

Mswahili akiulizwa hujambo, hujibu sijambo. Anaweza kuwa na homa ya siku tatu, anaweza kuwa anatoka kuzika, lakini kwanza atasema salama, tunamshukuru Mungu, ndipo aeleze yaliyomkuta. Ni adabu tuliyolelewa nayo na siidharau. Ila nimewahi kuilipia, na bado shingo yangu inanikumbusha kila asubuhi ya baridi.

Ilikuwa Jumanne jioni, Barabara ya Morogoro, kwenye foleni ya Kimara. Nilikuwa nimekaa mbele, shemeji yangu akiendesha. Foleni ikasimama, nasi tukasimama. Lori la mchanga lililokuwa nyuma yetu halikusimama. Wala halikuja kwa mbio. Lilitupiga kumbo moja tu, kichwa changu kikaenda nyuma kikarudi mbele, yakaisha. Kioo cha mbele hakikupasuka. Damu haikutoka hata tone.

Watu wakajaa kama kawaida yao. "Kuna aliyeumia?" akauliza kijana wa bodaboda. Nikashuka mwenyewe, nikakung'uta gauni, nikajibu: "Hapana, mimi mzima kabisa." Muuza machungwa mmoja akainua mikono juu, "Mungu mkubwa!" Nami nikaitikia kwa moyo wote.

Dereva wa lori alikuwa kijana mdogo, anatetemeka. "Dada yangu, nisamehe, breki zimenikatalia. Trafiki wakiitwa hapa, kazi sina." Tukamwonea huruma. Shemeji akapatana naye bei ya bampa na taa. Karatasi ikachanwa kwenye daftari la mahesabu ya mchanga, ikaandikwa: "Tumemalizana, hakuna anayemdai mwenzake." Wakasaini wao wawili, na mimi abiria nikaambiwa nisaini chini yao kama shahidi. Nikasaini. Tukaondoka tukijiona waungwana.

Asubuhi yake sikuweza kugeuza shingo. Nikapaka dawa ya kuchua, nikameza vidonge vya maumivu, nikamwambia kila aliyenipigia simu kwamba sijambo. Ijumaa, nikimimina chai, birika likanitoka mkononi. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa na ganzi.

Daktari aliyenipokea alikuwa mtu wa maneno machache, lakini hili alinieleza kwa kituo. Kichwa cha mtu mzima, alisema, kina uzito wa kilo nne hadi tano, na kinabebwa na shingo nyembamba. Gari likigongwa kwa nyuma, kiti kinausukuma mgongo mbele huku kichwa kikiwa bado nyuma, kisha kichwa nacho kinarushwa kuufuata. Misuli na kano za shingo zinavutika, nyingine zinachanika kidogo kidogo, na uvimbe wake huja baadaye, saa kadhaa au hata siku kadhaa. Papo kwa papo mwili unamwaga homoni ya adrenalini, nayo huficha maumivu. Picha ya eksirei inaonyesha mifupa, misuli haionyeshi. "Kwa hiyo uliposema mzima," akaniambia, "hukudanganya. Ulijibu kabla mwili haujaulizwa."

Kisha akaniuliza kiegemeo cha kichwa kwenye kile kiti kilikuwa usawa gani. Sikuwa na jibu. Niliporudi nikaenda kukitazama: kimeshushwa hadi mwisho, kinagusa mabega, na hakuna aliyewahi kukipandisha tangu gari linunuliwe. Sisi tulikiona pambo.

Akanitajia pia mambo ambayo mtu aliyetoka kwenye ajali hapaswi kuyangoja, hata kama anatembea na kucheka. Kutapika, kichwa kinachozidi kuuma, kuchanganya maneno, au usingizi mzito usio wa kawaida: huenda ubongo umetikisika au damu inavuja ndani ya fuvu. Alama ya mkanda tumboni pamoja na tumbo linalouma au kukaza: huenda wengu au ini limejeruhiwa. Paja likivunjika linaweza kumeza zaidi ya lita moja ya damu bila ngozi kuchubuka. Na aliyelala barabarani akilalamikia shingo au mgongo, asivutwe mikono na miguu kupakiwa kwenye gari la kwanza linalopita, isipokuwa alipo pana hatari kubwa zaidi, kama moto. Huruma yetu ya kubebana msobemsobe imewapoozesha watu ambao ajali yenyewe ilikuwa imewaachia uwezo wa kutembea.

Baada ya hapo ikaja habari ya fomu. Nikaambiwa nikachukue PF3, fomu ya polisi kwa mtu aliyejeruhiwa. Pale kituoni askari akaniuliza ajali ilitokea lini. Jumanne. Akatazama kalenda. Mlitoa taarifa wapi? Hatukutoa. Namba ya lori? Nikamgeukia shemeji. Shemeji akatazama sakafu. Tulikuwa na namba ya simu ya kijana tu, nayo ilikuwa haipatikani. Mwenye lori alipokuja kupatikana, jibu lake lilikuwa ile karatasi ya daftari, na saini yangu chini yake.

Darasa langu la pili nilifundishwa hospitalini, kwenye benchi la kungojea mazoezi ya viungo. Jirani yangu pale alikuwa mama lishe aliyemleta mwanawe, kijana wa bodaboda aliyegongwa na gari dogo, mguu una vyuma vilivyochomoza nje kama antena. Yule mama alibeba bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa nailoni. Siku moja akanifungulia. Nakala ya PF3. Picha ya namba ya gari, iliyopigwa kwa simu kabla gari halijasogezwa. Namba za simu za mashahidi wawili. Kila risiti: ya bandeji, ya eksirei, hata nauli za bajaji, ameziandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu, tarehe kwa tarehe.

"Mwanangu," akaniambia, "mali bila daftari hupotea bila habari. Na mguu wa mtoto ni mali."

Alijua mambo ambayo mimi na kisomo changu sikuyajua. Kwamba kila gari linalotembea barabarani linalazimika kisheria kuwa na angalau ile bima tunayoiita ndogo, nayo kazi yake ni kumlinda mtu wa nje aliyeumizwa, wala si kutengeneza bampa la mwenye gari. Kwamba ukiwa na namba ya gari unaweza kuhakiki bima yake kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Kwamba kampuni ya bima itataka kuona ramani ya tukio, hukumu ya kesi ya trafiki na ripoti ya daktari, na ikikuzungusha kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kwamba madai ya fidia ya aina hii yana ukomo wa miaka mitatu mahakamani. Vishoka walimfuata hadi wodini wakitaka nusu ya fidia. Akawafukuza, akaenda kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wakili, alisema, muulize ada yake kabla hujamweleza shida yako.

Hakuwa mtu wa shari. Yule aliyemgonga mwanawe alikuja kumjulia hali, akampokea, akamkaribisha chai. "Nimemsamehe," alisema, "lakini bima yake sijaisamehe."

Neno hilo limekaa nami. Mimi nilidhani kuandikisha ajali ni kukosa utu, na kwenda kupimwa baada ya kumshukuru Mungu ni kumtilia shaka. Ndiyo maana kijana wa lori alipata huruma yangu, na mwenye lori, ambaye hata hakuwapo, akapata ngao.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na wanaojeruhiwa bila kufa ni kati ya milioni 20 na milioni 50. Utazame mwenyewe huo upana wa hesabu ya pili. Naamini sisi wa karatasi za daftari tumo humo katikati, hatukuandikwa popote.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi sikuficha kwa makusudi. Nilifichiwa na mazoea ya ulimi. Vidole vyangu vimerudi, si vyote kama zamani. Gharama nililipa mwenyewe. Shemeji amekipandisha kiegemeo cha kiti.

Nawe ukigongwa, hata kumbo dogo, piga picha ya namba ya gari, toa taarifa polisi, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, wala usisaini chochote barabarani. Na wakikuuliza kama umeumia, kwa siku hiyo moja weka adabu kando. Jibu: "Sijui bado."