Kabla ya Neva

Sponji wa baharini hana ubongo, hana neva wala misuli. Lakini uchafu ukimwingia hupiga chafya. Chafya yenyewe ni ya taratibu mno: mwili unajikunja, unatoa taka, na shughuli nzima inaweza kuchukua dakika 20 hadi 50. Sasa nani anatoa amri, wakati ndani hakuna mkubwa?

Swali hili linawahangaisha wanasayansi kwa sababu humo ndimo wanamotafuta asili ya neva zetu. Mwaka 2021 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, akiwemo Jacob Musser, walichunguza sponji wa maji baridi, seli moja moja. Ndani ya vijumba vyake vya kuchujia chakula walikuta seli zenye mikono mirefu, zikinyooshea jirani zao wanaolisha mwili. Si neva, ila zinatumia baadhi ya jeni zilezile ambazo neva hutumia kupeleka ujumbe. Yaani huenda mazungumzo haya yalianzia kwenye habari za chakula.

Ubishi bado mbichi. Mwaka 2023 utafiti katika jarida la Nature ulionyesha kuwa waliojitenga mapema zaidi kwenye ukoo wa wanyama si sponji bali tinofora, viumbe laini wanaong'aa majini, na hao neva wanazo. Basi ama sponji walizipoteza, ama neva zilizuka mara mbili.

Kwa nini mwandishi wa habari aliyeko Ibaba, huku milimani Ileje, asome haya usiku kwa bando la kuungaunga? Kwa sababu baba amepata kiharusi. Mkono wa kulia umelala, maneno yamekwama. Baba mdogo anasema ni mkono wa mtu. Tuuze ng'ombe, tumvushe mto Songwe kwa mganga, mazoezi tuachane nayo.

Nilimwambia: "Baba mdogo, kule Jambiani, Zanzibar, akina mama wanafuga sponji. Wanamkata vipande, wanavifunga kwenye kamba majini, na kila kipande kinakua sponji kamili. Sisi hatuwezi. Seli ya ubongo ikikosa damu inakufa ndani ya dakika chache, na hairudi. Ndiyo bei ya kuwa na mwili unaoruka nyoka kabla hujamfikiria. Lakini zilizobaki zinaweza kujifunza kazi za wenzao, zikifundishwa kila siku."

Akanyamaza, kisha akauliza, "Zinafundishwaje, kama mkono wenyewe hausikii?"

Mama ndiye aliyejibu. "Kwa kijiko, shemeji."

Kila mlo anamshikisha baba kijiko kwa mkono uleule mbovu. Uji ukimwagika anapangusa, wanaanza upya.

Ng'ombe bado yuko zizini. Baba mdogo hajasema kama amekubali, nami sijamuuliza. Ila siku hizi anafika saa ya uji, anakaa kulia kwa kaka yake na kumshikilia kiwiko.