Malindi, Kwenye Rasi ya Mawe

Mgeni wa Malindi hakosi kupelekwa kwenye mnara wa Vasco da Gama, na mahali penyewe panastahili. Rasi hii ni mwamba wa matumbawe ya kale, wenye ncha kali za kuchana ndara, uliojichomoza baharini kusini mwa mji. Juu yake umesimama mnara mweupe wa umbo la pia, na kileleni pana msalaba wa jiwe la Ureno. Maji yakijaa, mawimbi hugonga mwamba na kuwarushia watu povu. Yakitoka, hubaki vidimbwi vya kaa na samaki wadogo, na wavuvi wa mshipi husogea hadi ukingoni.

Vasco da Gama, nahodha Mreno, alitia nanga Malindi Aprili 1498, mambo yakiwa yamemwendea kombo Mombasa. Sultani wa Malindi, hasimu wa Mombasa, alimpokea kwa heshima, kisha akampa rubani. Huyo ndiye aliyezijua pepo na njia ya Calicut, na Mei ile ile wakafika Bara Hindi. Mnara una jina la abiria. Ujuzi ulikuwa wa watu wa bahari hii, ambao tayari mwaka 1415 walikuwa wamepeleka twiga China.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini Malindi haikupona. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walihamia Mombasa pamoja na sultani, mji ukapooza. Walichoacha ni kikanisa kidogo cha makuti chenye makaburi uani. Mbele kidogo, kando ya Msikiti wa Jumaa, yapo makaburi ya nguzo ya Waswahili wenyewe.

Kusini mwa rasi unaanza ufuo wa Silversands, halafu Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968, ambako mashua za sakafu ya kioo hukupitisha juu ya matumbawe. Njoo wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Masika yakianza, Mto Sabaki humwaga tope jekundu na bahari hugeuka rangi ya chai.

Jioni, chagua: viazi vya karai na ukwaju, au aiskrimu ya Waitaliano waliolowea hapa. Na ukiwa mnarani, mwambie mtembeza wageni aanze na habari za rubani. Za Vasco zimeshaandikwa ukutani.