Madiwani wa Barking na Dagenham

Manispaa ya Barking na Dagenham, mashariki ya London, ilikuwa tangu zamani milki ya chama cha Labour, na sababu yake ilimdhihirikia kila aliyekaa huko: wenyeji wake walikuwa watu wa kazi, waliojengewa mtaa wa Becontree baina ya mwaka 1921 na 1935, wakaajiriwa katika kiwanda cha magari cha Ford kilichofunguliwa Dagenham mwaka 1931. Nilipohamia huko nguzo hizo mbili zilikuwa zimekwisha kulegea. Kiwanda kiliacha kuunda magari mwaka 2002, kikabakiwa na kazi ya injini. Na nyumba za baraza, tangu sheria ya 1980 iwape wapangaji haki ya kuzinunua, zilizidi kupungua pasipo kujengwa nyingine za kutosha, hata mzee aliyezaliwa pale akawaona wanawe wakingoja nyumba miaka nenda miaka rudi, ilhali nyumba ya jirani, iliyokwisha kuuzwa, inapangishwa mgeni.

Ghadhabu ya mzee huyo ilikuwa na haki yake, ila ilielekezwa kwa wasiohusika. Kabla ya uchaguzi wa Mei 2006, chama cha British National Party, ambacho katiba yake wakati ule haikuruhusu wanachama ila weupe, kilieneza madai kwamba Waafrika hupewa pauni 50,000 wanunue nyumba katika manispaa yetu. Ulikuwa uzushi mtupu, lakini ulisadikiwa. Jirani yangu, bibi wa Kiingereza mwenye adabu nyingi, aliniuliza kwa upole fedha zangu nilizipokea lini. Nami nilipomwambia kwamba chumba nikaacho nakilipia kodi kila mwezi kwa jasho langu, alistaajabu kwa dhati, kwa kuwa hapana mtu aliyewahi kumwambia vingine. Chama kile kilisimamisha wagombea 13, wakashinda 12 katika baraza la madiwani 51, kikawa ndicho kikuu cha upinzani. Siku zile kina mama wa Kiafrika waliamkiana kituoni mwa mabasi kwa sauti ya chini.

Miaka minne iliyofuata ndiyo iliyobadili mambo. Watu wa kujitolea walibisha hodi mlango kwa mlango, wakasikiliza malalamiko ya nyumba kabla ya kuomba kura. Na sisi wageni tukaanza kuelezana sheria ambayo wengi hawakuijua, kwamba raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, maadamu anakaa Uingereza kwa ruhusa halali, ana haki ya kupiga kura hata kabla ya kupata uraia. Baadhi yetu walihofu kuwa kuandikisha jina kungewaharibia kibali cha kukaa, na hofu hiyo haikuondoka ila kwa mazungumzo marefu baada ya sala ya Ijumaa na baada ya ibada ya Jumapili. Mkenya na Mtanzania waliandikishwa. Ndugu yetu Mkongomani, ambaye lugha yetu ni moja, sheria haikumruhusu, naye ndiye aliyetuhimiza kuliko wote.

Tarehe 6 Mei 2010 uchaguzi wa madiwani uliambatana na ule wa wabunge. Hapakuwa na wino wa kidoleni, bali penseli na karatasi, na kwenye karatasi ya madiwani kila mtu aliweza kuweka hadi alama tatu, kwa kuwa kila kata ilikuwa na madiwani watatu. Nick Griffin, kiongozi wa chama kile, aligombea ubunge wa Barking akawa wa tatu, na mshindi akawa Margaret Hodge wa Labour. Na katika baraza madiwani wake wote 12 waliondoshwa, Labour ikatwaa viti vyote 51.

Ikavitwaa vyote tena 2014, 2018 na 2022. Nilifurahi sana mara ya kwanza, na furaha hiyo siikani. Lakini baraza lisilo na mpinzani hata mmoja humwachia mwananchi peke yake kazi ya kuuliza maswali, na suala la nyumba, lililoanzisha yote haya, halijatatuliwa.

Basi wewe msomaji uliye Uingereza na pasi ya Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda, nakusihi uandikishe jina lako. Tangu 2023 kituo cha kura hudai kitambulisho chenye picha, na pasi hiyo hukubaliwa.