Magunia Kumi na Sita

Ukutani kwenye gereji yangu hapa Mfaranyaki, mjini Songea, nyuma ya mlango, pana hesabu niliyoiandika kwa chaki mwaka 2009. Tangu hapo chokaa imepakwa upya mara mbili, na mara zote mbili nimemwomba fundi rangi aipite kando. Ni vijiti tu, vinne vinne vimekatwa na cha tano, kama wanavyohesabu wapakiaji wa malori. Kila kijiti ni gunia la mahindi la kilo 100 kutoka shamba la mama. Vijiti 16 vya mwanzo vimezungushiwa mstari, na pembeni yake kuna neno moja: helmeti.

Mbio zangu za kwanza hazikuhitaji hata shilingi. Lami ya kutoka Makambako ilifika Songea miaka ya 1980, na sisi watoto wa Lizaboni tuliipokea kana kwamba imeletwa kwa ajili yetu. Kigari chetu kilikuwa ubao mpana, kijiti cha mbele kinachozunguka kwenye bolti, kamba ya katani ya kukatia kona, na beringi nne. Kazi ilikuwa kwenye beringi. Tulizipata gerejini kwa Mjomba, zile zilizokwisha, na ili akupe moja ilikubidi uoshe vyuma kwa mafuta ya taa Jumamosi nzima. Kigari kimoja, Jumamosi nne. Kikishuka mteremko, mlio wake kwenye lami uliwatoa watu ndani.

Siku moja swahiba wangu alishindwa kona, akaingia mtaroni kwa kichwa. Mimi ndiye niliyemfikia wa kwanza. Alikuwa macho, lakini alikuwa akiniita kwa jina la kaka yake, na aliendelea kuniita hivyo siku tatu. Alipona. Juu ya sikio la kushoto ana kovu ambapo hapaoti nywele hadi leo. Wazazi wetu walivichoma vigari vyote jioni ile ile, na ninavyowaelewa sasa, nami ningevichoma.

Mjomba alikuwa fundi wa Peugeot, na ndiye aliyenitia ugonjwa huu. Alizipenda mbio za magari za Safari kama wengine wanavyopenda Simba na Yanga. Mtu wake alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, aliyeshinda Safari mwaka 1966 na akarudia 1967, mara zote mbili kwa Peugeot 404. Kwa Mjomba hilo halikuwa jambo la mbali. Magari ya aina hiyo aliyafungua injini kwa mikono yake, ya abiria na ya watumishi wa serikali. Alikuwa akigonga boneti ya gari la mteja kwa kifundo cha kidole na kuniambia, "Mwanangu, iliyoshinda ni hii hii." Kisha ananisimulia habari za Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika kwenye mbio za mwaka uliotangulia. Gari la mkononi! Mjomba alilirudia neno hilo kila mara, na mimi nililiweka moyoni.

Baadaye nilisoma kwamba mbio hizo zilipoanza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari yalipangwa makundi kwa bei yake ya dukani, wala si kwa ukubwa wa injini. Ulinunua gari, ukaja nalo kama lilivyotoka dukani, ukashindana na wenye gari la bei kama yako. Sisemi ilikuwa rahisi. Mwaka 1953 Mngoni wa hapa Songea mwenye gari lake mwenyewe ungemtafuta kwa tochi. Ukuta ulikuwa hapo, kwenye gari. Ila aliyeuvuka ukuta ule alikuwa amekwisha kuwa dereva wa mbio.

Ukuta huo niliuona ukishuka kwa macho yangu. Magari ya mkononi kutoka Japani yalipoanza kumiminika bandarini Dar es Salaam, kijana fundi aliweza kuwa na Starlet au Corolla. Leo kuliagiza gari mwenyewe bado kunauma: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, na likiwa limetimiza miaka 10 unaongezwa wa uchakavu, asilimia 30. Lakini ukinunua ambalo mwenzako amekwisha kulilipia na kulichoka, unaongea bei. Starlet yangu niliinunua kwa mwalimu mmoja mwaka 2009 kwa shilingi milioni 3 na laki 2. Niliamini safari imeisha. Swahiba wangu wa mtaroni alikubali kuwa msoma ramani wangu, na tukajiandikisha kwenye mbio za wikiendi katika mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini.

Kizimba cha ndani, yaani mabomba yanayozuia paa lisikubonyee gari likipinduka, nilikichomelea mwenyewe. Nilitumia bomba la maji, lile la mabati, kwa kuwa ndilo lililokuwa dukani na ndilo nililojua kulikunja. Nililijaza mchanga, nikalipasha moto, nikalikunja taratibu lisijikunje matumbo. Nikalipaka rangi nyekundu. Watu walikuja gerejini kulitazama.

Kwenye ukaguzi, mzee mmoja mwenye miwani alizunguka gari bila kusema kitu. Akaomba nitoboe tundu dogo kwenye nguzo kubwa iliyo nyuma ya kiti. Nilitoboa. Akaingiza waya mwembamba uliopinda ncha, akauzungusha ndani polepole, kisha akaushika mkono wangu na kunipa waya niushike mwenyewe. Niliusikia: kwa ndani, kutoka juu hadi chini, pana ukingo mdogo kama mshono wa suruali. "Mdogo wangu," akasema, "hapa ndipo litakapofunguka." Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, zinataka nguzo hiyo iwe ya bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Langu lilikuwa bati lililokunjwa likaungwa. Akatazama na helmeti zetu, za pikipiki, akatingisha kichwa.

Hatukukimbia. Tulikaa siku mbili tukiwasaidia wengine kubadilisha matairi, na usiku tulilala ndani ya Starlet. Nilikuwa na hasira, lakini nilipofumba macho sikumwona mzee yule. Nilimwona swahiba wangu mtaroni, akiniita jina lisilo langu.

Tuliporudi ndipo nilipoanza kuandika ukutani. Helmeti iliyopitishwa, dola 350; kwa bei ya dola na ya mahindi ya msimu ule, magunia 16. Na zilihitajika mbili. Mkanda wa kufunga mabega na kiuno una tarehe iliyoshonwa ubavuni, ikipita mkaguzi anaukataa hata kama haujawahi kufungwa. Kiti cha kawaida cha mbio nacho kina miaka 5. Nguo zisizoshika moto, mtungi wa kuzimia moto, leseni, kiingilio. Halafu umbali. Mtu wa Iringa siku ya mbio za kwao anakunywa chai nyumbani, anatoka. Sisi tunafika tukiwa tumekwisha kuendesha zaidi ya kilomita 450, tena kwa gari lile lile la kushindania. Nilipojumlisha, Starlet yenyewe ilikuwa kama theluthi moja tu ya vijiti vyote.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika tangu enzi za Mjomba, na mtu akiniuliza nasema wazi: yamebadilika kwa haki. Zamani dereva alilipia injini, mwili wake akauacha kwa Mungu. Sasa analipia mwili kwanza. Ninachosikitikia ni kwamba bei ya mwili haijui Songea. Gari hushuka thamani likizeeka, ndiyo maana maskini hulifikia. Helmeti haishuki hivyo. Ya zamani haikubaliki, na mpya inauzwa kwa dola zile zile kwa mtoto wa tajiri wa Ulaya na kwa fundi wa Mfaranyaki.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda Nairobi kutafuta vipuri, mwenyeji wangu akanipeleka viwanja vya Jamhuri kuona wanachokiita otokrosi. Mzunguko mfupi wa vumbi, dereva peke yake, anashindana na saa. Hakuna msoma ramani, hakuna msafara wa mafundi wa kukufuata porini. Kuna hadi kundi la watoto wadogo, Bambino, wamefungwa mikanda barabara, helmeti zimewajaa. Nikakumbuka kwamba na Marekani vijana wengi huanzia kwenye viwanja vya duara, vingi vya udongo, visivyofika maili moja. Nilisimama kwenye uzio nikipiga hesabu upya. Mwili gharama yake ni ile ile. Vingine vyote vinapungua.

Mabomba ya haki niliyapata Dar es Salaam. Yalikuja kwenye lori lililopeleka mahindi na kurudi na saruji, kilomita kama 950, na dereva hakutaka nauli kwa sababu breki zake nilizitengeneza mimi. Nilikata kizimba chekundu kwa msumeno wa mkono, kipande kwa kipande, nikaanza upya. Vipande vya zamani vimekuwa nguzo za banda la kuku la mama.

Sasa kila baada ya mavuno, binamu yangu anatuazima shamba lake lililo tambarare nje ya mji. Tunang'oa visiki vya mabua, tunapanga matairi mabovu, tunapata duara la hatua 600. Gari ni moja, Starlet ile ile. Vijana wa gerejini wanapokezana, mmoja mmoja, na swahiba wangu anashika saa. Sharti langu ni moja na halijadiliwi: haingii mtu bila helmeti inayomkaa. Tunazo tatu.

Mwezi uliopita binti wa dada yangu, ambaye anajifunza ufundi kwangu na kwa kuosha beringi hajambo kuliko nilivyokuwa mimi, alizijaribu zote tatu. Zilikuwa zikicheza. Akatingisha kichwa kulia na kushoto, helmeti ikabaki ikitazama mbele. "Mjomba, nitaweka kitambaa ndani," akasema.

Nikamwambia hapana. Nikaomba futi ya kupimia kwa fundi cherehani wa jirani, nikaizungusha juu ya nyusi zake na nyuma ya kisogo, mara mbili ili nisikosee. Kisha nikafungua mlango, nikatafuta nafasi chini ya vijiti vya zamani, nikaandika: sentimita 55. Akachukua chaki mkononi mwangu, akachora kijiti cha kwanza.