Mnara Unaoelea na Farumi ya Jahazi

Niko Doha. Wengi huniuliza: nchi ya gesi, halafu wewe unasomea upepo wa baharini? Ndiyo, tena mitambo inayoelea.

Ghuba haina kina kirefu, wastani ni mita 35 hivi. Mtambo unaweza kusimikwa chini kabisa. Kwetu ni tofauti. Mkondo wa Pemba unashuka mamia ya mita. Huko lazima uelee, kama Hywind Scotland iliyoanza mwaka 2017: mitambo 5 ya megawati 6 kila mmoja, juu ya maboya marefu ya chuma yenye uzito chini. Manahodha wetu wanauita farumi.

Kazi yangu ni kuuiga mtambo huo kwenye kompyuta, kwa programu ya OpenFAST. Mawimbi mengi hupita kila sekunde 5 hadi 20, kwa hiyo boya huundwa liyumbe taratibu zaidi, sekunde 30 hivi, lisidandie mdundo wao. Kuna na mtego: upepo ukiwa mkali, mnara ukiinamia mbele, mapanga hujigeuza kukwepa nguvu, msukumo unapungua, mnara unazidi kuinama. Kidhibiti cha nchi kavu hakifai hapo.

Ila kompyuta haijui bahari, inajua takwimu ulizoipa. Nikiipa mawimbi ya Uskoti, hainijibu kuhusu kusi. Jamani, kabla hatujauziwa minara, tupime mawimbi yetu wenyewe, la sivyo tutanunua jibu la swali la wenzetu.